Bei ya Kungoja: Wahitimu wa Vyuo na Kazi ya Kwanza katika Mitaa ya Eastlands

Mitaa ya Eastlands ilijengwa kwa sababu ya kazi. Ukanda unaoanzia Barabara ya Landhies na soko la Muthurwa, ukafuata Barabara ya Jogoo hadi Donholm, kisha ukatawanyika kuelekea Umoja, Kayole, Dandora na Embakasi, ulianza kama malalo ya watu waliohitajika mjini mchana tu. Shirika la reli liliwaweka wafanyakazi wake Muthurwa na Makongeni. Baraza la mji likajenga Kaloleni na Ziwani, baadaye Bahati, Mbotela na mitaa ya Ofafa. Kariokor inabeba hadi leo jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Chumba kilikuja pamoja na kazi, na aliyepoteza kazi alipoteza na chumba. Enzi ya ukoloni, mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, karatasi iliyowekwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni, ambayo ndani yake mwajiri aliandika mshahara na tarehe za kuanza na kumaliza kazi. Bila sahihi ya mwajiri wa zamani, mwajiri mpya hakuwa na ruhusa ya kumwandika mtu. Historia ya kutafuta kazi mashariki ya Nairobi ni, tangu mwanzo wake, historia ya karatasi.

Kwa wachache waliosoma, njia ilikuwa fupi. Tom Mboya alihitimu mafunzo ya ukaguzi wa afya mwaka 1950 na mwaka uliofuata akawa mkaguzi katika Baraza la Jiji la Nairobi. Alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ileile, na hilo ndilo lililomsukuma kwenye vyama vya wafanyakazi. Hata hivyo kazi yenyewe hakuihangaikia: chuo kilikuwa kimefungwa kwenye ofisi kama behewa kwenye injini. Baada ya uhuru mwaka 1963 hali hiyo iliendelea kwa muda, maana nafasi zilizoachwa na Wazungu na Waasia zilihitaji kujazwa, na mwenye shahada aliweza kuchagua wizara. Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970 kwa fedha za shirika la maendeleo la Uingereza, ni kumbukumbu ya matofali ya kizazi hicho: karani, mwalimu, mhasibu na mfanyakazi wa benki waliotoka chuoni, wakaandikwa kazi, wakapata mkopo wa nyumba.

Dalili kwamba mlango unafungwa zilionekana mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1966 baraza la makanisa la Kenya lilitoa taarifa kuhusu vijana waliomaliza shule bila kazi, na kichwa chake kilikuwa swali: baada ya shule, nini? Mwaka huohuo wasomi na maofisa walikutana Kericho kuijadili elimu na ajira. Mwaka 1973 Meja Mwangi alichapisha riwaya ya Kill Me Quick, inayowafuata vijana wawili wenye vyeti vizuri vya sekondari wanaozunguka Nairobi hadi kuishia vichochoroni. Wakati huo mwathirika alikuwa wa sekondari. Mwenye shahada alikuwa bado salama, na huenda ndiyo maana tatizo lilionekana la watu wengine.

Usalama huo uliisha katika miaka ya 1980 na 1990. Mipango ya kurekebisha uchumi iliibana serikali isiajiri, huku vyuo vikizalisha wahitimu wengi kuliko wakati wowote. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia vyuo vikuu mwaka 1990. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia karo, na vyuo vingine vikafuata. Familia za Umoja na Kayole ziliuza mashamba ya ushago na kukopa katika vyama vya akiba ili kulipia shahada ambayo, ilipokamilika, ilikuta soko limejaa. Uchunguzi wa Kiuchumi wa shirika la takwimu la taifa unaonyesha ukubwa wa pengo. Mwaka 2023 nchi ilipata nafasi mpya za kazi zipatazo 848,000 nje ya kilimo kidogo, lakini takriban 721,000 kati ya hizo zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Kazi zenye barua ya uajiri, mshahara wa mwezi na malipo ya uzeeni zilikuwa kama 123,000 tu, nazo ziligombaniwa na wahitimu wa mwaka huo pamoja na wa miaka yote iliyotangulia.

Wakenya wana neno lao kwa kipindi kinachofuata mahafali: kutarmac, yaani kukanyaga lami mpaka soli iishe. Neno lenyewe linatoka katika enzi ya bahasha za kaki, mtu alipobeba nakala za vyeti mlango kwa mlango kutoka Barabara ya Enterprise hadi katikati ya jiji. Siku hizi maombi mengi hutumwa kwa intaneti, lakini neno limebaki kwa sababu uchovu umebaki. Kinachosahauliwa katika mazungumzo mengi kuhusu ajira ya vijana ni kwamba kungoja kuna bei, na bei hiyo hulipwa kila siku kwa fedha taslimu. Wahitimu wawili wa darasa moja na alama sawa hawangoji sawasawa. Mmoja anaweza kungoja miaka miwili. Mwingine anaweza wiki tatu. Tofauti hiyo hueleza mambo mengi ambayo kwa kawaida huhusishwa na uvivu au ujuzi haba.

Gharama ya kwanza ni paa. Kijana ambaye wazazi wake wanakaa katika nyumba ya kaunti Jericho, Maringo au Kaloleni ana ruzuku isiyoandikwa popote, kwa sababu kodi ya nyumba hizo iko chini sana kuliko ya soko. Nyumba ni vyumba viwili, na mtu mzima hulala sebuleni au katika chumba cha nyongeza kilichosimamishwa uani, kile kinachoitwa ekstensheni, lakini hafukuzwi kwa ajili ya kodi mwisho wa mwezi. Aliyekuja Nairobi kutoka Kitui au Siaya kusoma, akapanga chumba kimoja Pipeline au Kayole, hana mto huo wa kuegemea. Mwezi wa kwanza baada ya chuo husaidiwa na rafiki, wa pili na shangazi, wa tatu mwenye nyumba hufunga mlango kwa kufuli lake mwenyewe. Mpango wa kubomoa mitaa ya zamani na kuweka maghorofa mahali pake huzungumzwa sana kama suala la makazi. Kwa hakika unagusa pia soko la kazi, kwa kuwa unaondoa vyumba ambavyo vizazi vitatu vya vijana wa Eastlands vimengojea ajira ndani yake.

Gharama ya pili ni nauli. Matatu za Kayole, Dandora na Umoja hupandisha nauli alfajiri na jioni, na mvua ikinyesha hupandisha tena. Mahojiano ya saa mbili asubuhi Westlands humgharimu mtu wa Kayole magari mawili ya kwenda na mawili ya kurudi, na kama mvua itanyesha mchana, hesabu aliyoifanya usiku haina maana. Wengi hutembea. Kutoka Makadara au Mukuru hadi Eneo la Viwanda ni mwendo wa miguu unaovumilika. Kutoka Njiru hadi Upper Hill si mwendo wa mtu anayetakiwa kufika akiwa na shati kavu na viatu visivyo na vumbi. Kwa hiyo umbali wenyewe huchuja waombaji kabla mwajiri hajafungua faili lolote.

Kisha kuna karatasi. Cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai hulipiwa shilingi 1,050 kupitia mtandao wa eCitizen, na alama za vidole huchukuliwa katika makao makuu ya idara hiyo, Barabara ya Kiambu, au katika baadhi ya Vituo vya Huduma. Kuna hati ya ulipaji kodi ya mamlaka ya mapato, KRA, ambayo hata asiyewahi kupata mshahara anatakiwa kuwa nayo. Kuna hati ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, hati ya shirika la kukagua madeni, na fomu ya kujieleza ya tume ya maadili. Desturi ya kudai rundo hili lote ilikua baada ya Katiba ya 2010, yenye sura ya sita kuhusu uongozi na uadilifu. Sura hiyo iliwalenga viongozi wa taifa. Ikaishia kumdai karani wa hifadhi athibitishe kwamba si mwizi, wakati viongozi wenyewe wakiendelea kupita. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri asiweze kudai hati hizo ila kwa mtu anayekusudia kumwajiri kweli. Ni rekebisho zuri ambalo matangazo mengi ya kazi yameandikwa kana kwamba halikupitishwa.

HELB huleta ugumu wake. Aliyekopa huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kwa riba ya asilimia 4, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kwa aliyeajiriwa, hilo ni kato dogo. Kwa anayengoja, faini ya mwezi mmoja huweza kuwa kubwa kuliko pato lake la mwezi huo. Bodi imewahi kusamehe faini kwa vipindi maalumu ili kuvutia walipaji, jambo linaloonyesha kwamba hata yenyewe inajua deni hilo linakua katika mikono isiyo na kitu.

Matangazo ya kazi hupatikana kwa urahisi. Nafasi za serikali huchapishwa katika toleo la MyGov linalotoka Jumanne, katika tovuti ya Tume ya Utumishi wa Umma na katika tovuti za kaunti. Nafasi za kampuni hutangazwa mitandaoni, na vikundi vya WhatsApp vya kila mtaa huzisambaza kabla ya saa sita mchana. Asiye na kompyuta huenda saiba, au maktaba: Kaloleni na Makadara zina matawi ya Maktaba ya McMillan, yaliyokarabatiwa katika miaka ya karibuni, na asubuhi ya siku ya kazi meza zake huwa na watu wazima wengi kuliko mtu anavyotarajia katika maktaba ya mtaa. Ugumu uko kwingine. Tangazo hufikia kila mtu kwa wakati mmoja, kwa hiyo halimpi faida yeyote. Habari yenye faida ni ile ambayo haijatangazwa: bohari fulani Barabara ya Lunga Lunga imepata mkataba mpya na wiki ijayo itahitaji karani wa stoo. Habari ya namna hiyo husafiri kwa mdomo, kutoka kwa mlinzi hadi kwa mama mboga wa getini, kutoka kwa dereva hadi kwa wenzake wa chama cha akiba, na hatimaye hadi kwa mpwa wa mtu.

Hapo ndipo lawama ya kujuana inapozaliwa, na inafaa kutenganisha mambo mawili yanayobebwa na neno hilo moja. La kwanza ni rushwa: nafasi inayouzwa, jina linaloingizwa katika orodha baada ya mahojiano, afisa anayesubiri kitu kidogo kwa sababu mkono mtupu haulambwi. La pili ni dhamana. Mwenye karakana hana ofisi ya rasilimali watu wala fedha za kuwachunguza waombaji 300. Anapomwuliza fundi wake mzee amletee kijana mwaminifu, ananunua sifa ya yule mzee, ambaye atasutwa kijana akiiba. La kwanza ni uhalifu. La pili ni jinsi kazi nyingi zinavyopatikana duniani kote, na aliyekulia Eastlands ana mtaji fulani hapo: kanisa au msikiti wa mtaa, timu ya kandanda, shule ya sekondari, wazee waliofanya kazi reli. Upungufu wa mtaji huo ni kwamba unafika Eneo la Viwanda na kuishia hapo. Wazee wa Makongeni wanamjua msimamizi wa kiwanda. Mkurugenzi wa benki hawamjui.

Pengo hilo huwalisha matapeli. Mbinu haibadiliki sana: ujumbe wa simu unaompongeza mtu kwa kuteuliwa, anwani ya ofisi ya ghorofani mjini, kisha ada ndogo ya uchunguzi wa afya, sare au mafunzo. Nyingine ni mkutano wa kazi ya mauzo ambamo aliyeitwa kuhojiwa hujikuta akiombwa kununua bidhaa na kuwaleta wenzake. Wizara, tume na kampuni hazimtozi mwombaji ada ya kumhoji, na mawakala wa ajira ya nchi za Ghuba hutakiwa kusajiliwa na mamlaka ya ajira ya taifa. Wanaonaswa si wajinga. Wengi wao ni watu ambao fedha za kungoja zimewaishia wiki hiyo.

Fedha zikiisha, mhitimu wa Eastlands huenda getini. Kila alfajiri, nje ya viwanda vya barabara za Enterprise, Likoni na Lunga Lunga, watu husimama kwa makundi wakingoja msimamizi atoke, anyooshe kidole na kuhesabu anaowataka kwa siku hiyo. Waliobaki hungoja kidogo, wakitumaini mtu amekataa au ameugua, kisha huenda kwenye mjengo, ambako kuna saruji ya kubeba. Wenye shahada wamo, na kawaida yao ni kuacha vyeti nyumbani. Msimamizi asiyesoma humwogopa kibarua aliyesoma, na mwenye kiwanda huamini kwamba ataondoka au ataanzisha mgomo. Karatasi iliyogharimu shamba la babu hufichwa ili mtu apate ujira wa kutwa. Sheria ya Ajira ya 2007 humtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa kila jioni na ambaye mapatano yake hayapiti saa 24. Kifungu cha 37 kinasema kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, mapatano hayo hugeuka kuwa ya mwezi, pamoja na haki zake. Waajiri wanakijua kifungu hicho vizuri, na ndiyo sababu vibarua wengi hupumzishwa siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha huitwa upya kana kwamba hawajawahi kuonekana.

Njia rasmi ya kuvuka kutoka darasani hadi kazini ni mafunzo ya uzoefu. Huwa ya aina mbili, nazo huchanganywa sana. Atachimenti hufanywa na mwanafunzi kabla ya kuhitimu, kwa miezi michache, na mara nyingi bila malipo. Mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, ambayo makao yake yako Commercial Street palepale Eneo la Viwanda, husimamia sehemu ya utaratibu huo na huendesha mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Uanagenzi wa baada ya chuo huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi, na kwa taaluma kadhaa ni lango lisilokwepeka: wakili hupitia Kenya School of Law na kipindi chini ya wakili mwenye uzoefu, mhandisi husajiliwa kwanza kuwa mhitimu kabla ya kuwa mtaalamu, daktari hawezi kupewa leseni kamili bila mwaka wa hospitalini.

Uanagenzi ulianza kama daraja na umekuwa ukigeuka kuwa makazi. Mfano ulio wazi zaidi ni wa walimu wa sekondari ya chini, walioajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, ingawa walikuwa wamehitimu, wamesajiliwa na wanafundisha vipindi kamili. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba utaratibu huo ulikiuka haki zao, na mwezi uliofuata walitoka madarasani kwa mgomo. Madaktari walikuwa wametangulia. Mapatano ya 2017 yalimpa daktari mwanagenzi takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, na serikali ilipotaka kulipa 70,000, mgomo ulianza Machi 2024 na kuendelea hadi Mei. Migogoro hiyo miwili ina kiini kimoja. Mtu anayefanya kazi nzima akiitwa mwanafunzi, jina hilo humwokolea mwajiri fedha, na mwenye hasara ni yule asiye na familia ya kumfidia tofauti.

Upande wa pili wa Eastlands, ule wa nyundo na cherehani, una shule yake isiyo na mahafali. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulichapisha taarifa kuhusu ajira nchini Kenya, na taarifa hiyo ndiyo iliyoeneza ulimwenguni dhana ya sekta isiyo rasmi. Ilisisitiza kwamba mafundi wa vibanda, ambao askari wa jiji walikuwa wakiwabomolea, walikuwa wakizalisha mali halisi kwa ustadi halisi. Wenyewe walijiita jua kali, kwa kuwa walifanya kazi bila paa. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi vibanda, na paa zikaanza kusimamishwa. Hadi leo Kamukunji hutoa masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, sufuria za hoteli, majiko na toroli. Kariobangi Light Industries hutengeneza mashine za kusaga, za kukamua na za kukaanga njugu. Gikomba hushughulika na mbao na mitumba, na Kariokor na ngozi na viondo.

Mhitimu wa uhandisi anayeingia Kariobangi hukuta daraja limepinduliwa. Fundi wa miaka 50, aliyeacha shule darasa la saba, husikiliza mlio wa mashine na kusema beringi gani imekufa. Mhitimu anajua kukokotoa nguvu ya shafti lakini hajawahi kuchomelea chuma chembamba bila kukitoboa. Mwaka wa kwanza kazi yake ni kushika, kufagia na kununua chai. Wanaovumilia hugundua thamani yao mahali ambapo hawakupatarajia: wanasoma michoro ya mteja, wanaandika bei ya kazi kwa namna inayokubalika ofisini, wanajaza fomu za zabuni, wanajua kodi. Karakana nyingi zilizoondoka kwenye kibanda na kupata wateja wakubwa zilipata kwanza ndoa ya namna hiyo kati ya mkono wa zamani na kalamu mpya. Kinachosikitisha ni kwamba vyuo huwaandaa vijana kuomba kazi kwa barua, na mara chache sana kuwaandaa kumwomba fundi awafundishe.

Kuanzisha biashara huhubiriwa kwa wahitimu kama dawa ya kila ugonjwa, na mahubiri hayo huruka swali la mtaji. Anayeanza kuuza nguo Gikomba lazima afungue belo bila kujua kilichomo ndani, au alipie kamera, yaani haki ya kuchagua wa kwanza, ambayo ni ghali zaidi. Belo moja baya humaliza akiba ya miezi. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ilimfikia kila mwenye simu, lakini kiwango chake cha kuanzia kilikuwa shilingi 500 za kulipwa ndani ya siku 14, fedha za kununulia nyanya. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wahitimu wengi wa Eastlands wamesajili kampuni ili kugawana fungu hilo. Wanaoshinda zabuni hugundua kwamba kuuzia kaunti viti ni jambo moja, na kulipwa ni jambo la mwaka mwingine. Kwa hiyo biashara nayo ina foleni yake ya kungoja. Chama cha kuchanga kila wiki, kinachodharauliwa na wasomi kama shughuli ya akina mama, kimetoa mtaji wa kwanza kwa watu wengi kuliko mifuko yenye uzinduzi na magwaride.

Katika miaka ya karibuni kazi imeingia ndani ya chumba chenyewe. Programu ya Ajira Digital, iliyoanzishwa mwaka 2016, iliwafundisha vijana kutafuta vibarua mtandaoni, ingawa wengi walikuwa wamekwisha kujifunza wenyewe kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha za chuo. Ni kazi inayovunja kanuni za chuo kwa upande wa mnunuzi na isiyo na jina kwa upande wa mwandishi, lakini imelipa kodi za vyumba vingi Kayole na Roysambu. Baadaye zilikuja kazi za kuandaa data za akili bandia na za kuchuja picha na video za mitandao ya kijamii. Kampuni ya Sama, yenye ofisi Nairobi, ilifanya kazi hiyo ya kuchuja kwa niaba ya Facebook hadi mwaka 2023. Wafanyakazi wake, wengi wao wenye shahada, walitazama mauaji na ukatili kwa saa nzima nzima, baadhi kwa malipo ya dola moja na nusu hivi kwa saa. Daniel Motaung, mmoja wao, alifungua kesi mwaka 2022, na mwaka uliofuata wenzake 184 wakafungua yao. Mei 1, 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 walikutana Nairobi na kuazimia kuunda chama. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, inaweza kushtakiwa nchini Kenya.

Kazi ya kwanza yenye mshahara ikipatikana, mambo hugeuka haraka. Sheria inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na kipindi cha majaribio kisipite miezi sita, ingawa kinaweza kuongezwa hadi kumi na miwili mfanyakazi akikubali. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida jijini, tangu Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na mhitimu wa stashahada anayeanza stoo au kwenye kaunta hujikuta si mbali sana juu yake. Kabla mshahara haujafika benki, asilimia 2.75 huenda katika bima ya afya, asilimia 1.5 katika ushuru wa nyumba, kuna mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na kodi ya mapato kwa kinachozidi shilingi 24,000. Baada ya kufika benki hukutana na foleni ya pili: aliyelipa nauli za mahojiano, kaka aliye kidato cha tatu, harambee ya matibabu, mama aliyekopa katika chama kwa ajili ya karo. Ni bei ya kungoja ikirudi kwa waliokwisha kuilipa, na mfanyakazi anayeiona kama mzigo wa jamaa husahau hesabu ya miaka iliyopita. Ndiyo maana wengi hubaki chumbani kwa wazazi mwaka mzima wa kwanza, na kuhamia bedsita ya Umoja au Tassia katika wa pili.

Kazi hiyo ya kwanza mara nyingi haihusiani na kilichosomwa. Mtu wa biokemia huanza kuuza bima, wa historia huanza huduma kwa wateja. Kubadili baadaye kunawezekana ikiwa ameacha nyuma yake ushahidi wa alichofanya, na hapa sheria inarudi kwenye karatasi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri kumpa anayeondoka hati ya utumishi, yenye jina lake, kazi aliyoifanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Mwajiri halazimiki kuandika sifa wala maoni, tofauti na desturi ya kipande, ambacho neno moja baya ndani yake liliweza kumfungia mtu milango yote. Hati hiyo hutolewa kwa aliyefanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Kibarua wa Barabara ya Lunga Lunga anayepumzishwa siku ya 25 na kuitwa tena wiki inayofuata anaweza kufanya kazi katika kiwanda kimoja miaka mitatu, na akiulizwa katika mahojiano alikuwa wapi muda huo wote, asiwe na karatasi ya kuonyesha.